Maswali ya Wasomaji: Rafiki wa Kwenye Wimbo Amevuka Kwenda Wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, naishi Kirumba, Mwanza. Mjomba wangu, ambaye sasa ni mzee lakini bado ana nguvu zake, alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi moja ya dansi iliyokuwa ikipiga kwenye baa na kumbi za hapa mjini, bendi ambayo haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Anayo madaftari yenye nyimbo zao, na katika mojawapo, kwenye ukurasa alioandika juu yake mwaka 1989, upo wimbo unaotugombanisha nyumbani. Maneno yake ni haya:

Mwezi umejaa, karabai zimelala,
mitumbwi imepanda mchangani, mwalo umetulia,
nimekaa tulipokuwa tukikaa, ndugu yangu,
chai nimemimina vikombe viwili.

Walisema umevuka, sikuuliza ng'ambo ipi,
walisema umepata, sikuuliza umepata nini,
walisema umenisema, nikanyamaza, nikaamini.

Nyavu tulizoshona wawili nimezigawa,
fungu langu limechakaa, lako lipo juu ya kamba.

Rafiki, njoo uchukue chako,
hata usiponisamehe, chukua chako.

Dada yangu anasema huu ni wimbo wa msiba: rafiki amekufa, ndiyo maana "amevuka", na ndiyo maana kikombe chake kinajazwa bila ya mnywaji. Mimi nasema rafiki yu hai, ila alimsaliti mwenzake akaenda kutajirika peke yake. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa hakosi kwenye madansi yao enzi hizo, anatucheka sote wawili. Yeye anasema "chukua chako" ulikuwa mpasho, na kwamba wimbo ulipofika kwenye chemko, ile sehemu yake ya kasi, ukumbi mzima uliimba maneno hayo huku watu wakinyoosheana vidole. Mjomba mwenyewe kila tukimuuliza hucheka tu na kutuambia tusikilize. Ni nani kati yetu aliye sahihi, na rafiki huyo ni nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sehemu ya mwisho ya swali lako sitaijibu, kwa sababu maneno uliyonipelekea hayana jibu lake, na mjomba wako, ambaye huenda analijua, ameamua kucheka. Wasikilizaji wetu wana mazoea ya kuuandama wimbo kwa kuuliza umeimbiwa nani, na wakishapata jina huridhika wakaacha kusikiliza. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, mengi yake yalitungwa kwa ajili ya tukio au mtu maalumu, na waliokuwapo walijua ni nani anayesemwa; yalipokuja kukusanywa mwishoni mwa karne hiyo kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na William Taylor, na baadaye kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940, matukio kadhaa yalikwisha kusahaulika. Hata hivyo tunayasoma na tunayafurahia, kwa kuwa fumbo lililotungwa vizuri huwa na njia ya kulifumbulia ndani ya maneno yake lenyewe. Wimbo wa mjomba wako ni wa aina hiyo, na njia yake inaanzia kwenye mwezi, mahali ambapo naona nyote watatu mmepita haraka mno.

Msikilizaji wa Dodoma au Morogoro akisikia mwezi umejaa atadhani ni pambo la wimbo wa mapenzi, au, kama dada yako, atafikiria mkesha wa matanga. Lakini mstari ule ule unataja karabai, na mtu wa Kirumba, anayepita soko la Mwaloni kila siku, hana sababu ya kupotea hapo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta wakusanyike, kisha wavu huwazoa. Kazi hiyo inataka giza, maana mwezi unapojaa mwanga wake huenea juu ya maji yote na taa hukosa nguvu ya kuwakusanya samaki mahali pamoja, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa, wakashona nyavu, wakalala usiku kama watu wengine, wakatembeleana. Siku hizi taa za sola na za betri zimechukua nafasi ya karabai katika mialo mingi, yaani fukwe wanakotua wavuvi, lakini kalenda ya mwezi haijabadilika, na mama zetu wanaouza dagaa wanaijua kuliko wanavyoijua kalenda ya ukutani. Mtunzi, basi, hakuuchagua usiku huo kwa uzuri wake. Ameuchagua kwa sababu ni usiku ambao hakuna mvuvi mwenye udhuru. Siku za giza rafiki asipoonekana utasema yuko majini. Mwezi ukijaa na bado asionekane, kuna jambo jingine linalomzuia, na wimbo mzima unalitafuta jambo hilo.

Hapo hapo ndipo panapotoka vikombe viwili. "Tulipokuwa tukikaa" ni kauli ya mazoea, haielezi siku moja. Tunapaswa kuelewa kwamba watu hawa wawili walikuwa na desturi ya kukutana mbalamwezi, wakinywa chai mahali pamoja, na kwamba mmoja ameendelea kuishika desturi hiyo baada ya mwenzake kuacha kuja. Hoja ya dada yako kuhusu kikombe cha marehemu si ya kutupwa, kwa maana watu wengi huendelea kumwekea aliyekufa nafasi yake mezani kwa muda, kwa uchungu au kwa mkono uliozoea. Nitaonyesha kwa nini siikubali, lakini nataka kwanza tuvuke naye.

Kusema mtu "amevuka" kungeweza kumpa dada yako ushindi wa moja kwa moja kama wimbo huu ungetungwa Tabora. Mwanza ni mji ambao watu wake huvuka kwa sababu za kawaida kabisa. Mwaka 1989 mtu aliyetaka kwenda Sengerema alipanda kivuko. Aliyetaka Geita kwa njia ya barabara alifika Kigongo akasubiri kivuko cha Busisi, na hali ikabaki hivyo hadi daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa mwaka 2025. Wapo waliovuka kwenda Ukerewe kuoa au kulima, na waliopanda meli jioni wakaamkia Bukoba. Zaidi ya hayo, upande wa Geita kulikuwa na dhahabu, na wachimbaji wadogo wa maeneo kama Nyarugusu na Mgusu walikuwa wakivutia vijana kutoka pande zote za ziwa. Kwa hiyo "umevuka" na "umepata" yakifuatana katika ubeti mmoja, msikilizaji wa wakati ule angefikiria machimbo mapema kuliko kaburi. Hapa uko karibu na ukweli kuliko dada yako.

Lakini hukusoma mstari hadi mwisho. Mtunzi anajua vizuri kwamba kuvuka kuna maana zaidi ya moja, na ndiyo maana anaongeza "sikuuliza ng'ambo ipi". Fikiri uzito wa maneno hayo kwa mtu anayeishi kando ya maji. Analetewa habari kwamba mwenzake amevuka; habari hiyo inaweza kuwa ya safari ya siku mbili, inaweza kuwa ya kuhama kabisa, inaweza pia kuwa ya kifo; naye anaipokea bila kuuliza ni ipi kati ya hizo. Utata ambao wewe na dada yako mnaugombania ndio kosa ambalo mwimbaji analikiri. Kama angeuliza, nasi tungejua. Hatujui kwa sababu yeye hakujali kujua, na nadhani huo ndio ufundi mkubwa kabisa wa wimbo huu, kwa sababu unamweka msikilizaji katika ujinga ule ule aliokuwa nao mwimbaji siku alipoletewa maneno.

Nakiri kwamba wasikilizaji wa baadaye walikuwa na haki ya kusikia kifo. Tangu Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia Mwanza na mamia ya watu kupoteza maisha, ni vigumu kwa mtu wa hapa kuimba habari ya rafiki aliyevuka bila ya mtu mwingine ukumbini kuinamisha kichwa. Na ajali ya kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 20, 2018, imeongeza uzito huo kwa kizazi chenu. Ikiwa dada yako alikua akisikia habari hizo nyumbani, sishangai wimbo kumfikia ukiwa na msiba ndani yake. Lakini ukurasa una tarehe, na tarehe hiyo inatangulia ajali zote mbili. Wimbo unaweza kuongezewa maana na mambo yaliyotokea baada yake, bali hatuwezi kumbebesha mtunzi maana hizo.

Sasa tazama "walisema". Limerudiwa mara tatu, na hatuambiwi ni kina nani. Nyimbo zetu za urafiki uliovunjika, za dansi na za taarabu, kwa kawaida huwa na mkosaji aliye tayari: walimwengu, wambea, wafitini, majirani wenye husuda. Mwimbaji huwalaumu hao, yeye na rafiki yake wakabaki safi. Nilipoanza kuusoma ubeti huu nilitegemea lawama hiyo, nayo haikuja. Waliosema wanatajwa kwa kitenzi tu, hawalaaniwi, hawapewi hata jina la ubaya. Kila baada ya kauli yao mwimbaji anajitaja yeye mwenyewe: sikuuliza, sikuuliza, nikanyamaza, nikaamini. Kauli ya tatu, kwamba rafiki "amenisema", ndiyo iliyovunja urafiki, na hapo hata neno la kuuliza linatoweka. Katika zile mbili za kwanza angalau alifahamu kwamba lilikuwapo swali la kuuliza.

Kwa hiyo nadharia yako ya usaliti inaangukia papo hapo. Hakuna mahali wimbo unaposema rafiki alisaliti. Unasema watu walidai hivyo na mwimbaji akawaamini, na kiitikio kinamalizia kwa "hata usiponisamehe". Aliyesalitiwa haombi msamaha. Huu ni wimbo wa mkosaji, umeimbwa na mkosaji, na kwa maoni yangu ndiyo sababu mjomba wako anacheka mnapoubishania kama kwamba ni wimbo wa malalamiko.

Zimebaki nyavu, na hapo ndipo ninapoachana na dada yako kabisa. Mtu akifa, fungu lake katika mali ya ushirika huenda kwa mkewe, watoto wake au ndugu zake. Mshirika aliyebaki anayeling'ang'ania atasemwa mwalo mzima. Fungu linalomsubiri mwenyewe alichukue ni la mtu aliye hai. Tena tazama hali yake. La mwimbaji limechakaa, maana yake amelifanyia kazi mpaka limekwisha, wakati la mwenzake lipo, na hakuligusa hata la kwake lilipoanza kutoboka. Mvuvi aliye na njaa na wavu mbovu, akautazama wavu mzima wa mtu mwingine uliotundikwa mbele yake kila asubuhi, amejizuia kwa namna ambayo maneno ya pole hayawezi kuifikia. Nami naongeza jambo ambalo msikilizaji wa mbali na ziwa hawezi kulisikia: jua hula nyuzi za nailoni. Wavu ulioachwa juu ya kamba miezi na miaka hupoteza nguvu hata kama haujaingia majini. "Njoo uchukue chako" ina haraka ndani yake, kwa sababu chenyewe kinaharibika kwa kusubiri.

Jirani yenu nimemwacha mwisho, na msimdharau, kwa kuwa yeye ndiye peke yake kati yenu aliyeusikia wimbo ukipigwa. Wimbo wa dansi una sehemu mbili zenye tabia tofauti: ya kwanza ni ya taratibu, ambamo hadithi inasimuliwa na watu wanacheza kwa kushikana, na ya pili ni chemko, ambamo magitaa yanachukua usukani na maneno yanapunguzwa mpaka kubaki kipande kimoja kinachorudiwa. Bendi hii ilichukua "chukua chako" ikaacha "hata usiponisamehe". Kipande hicho kikikatwa hivyo, kikasukumwa na ngoma za kasi, kinakuwa maneno ambayo mtu humwambia mpenzi aliyemchoka, na ukumbi uliojaa wapenzi waliochokana hauwezi kuacha kukitumia. Ninavyoona mimi, bendi ilijua inachofanya. Watu walilipa kiingilio ili wacheze, na wimbo wa toba wa dakika nzima nane usingewarudisha Jumamosi iliyofuata. Jirani yenu anakumbuka sawasawa jinsi ukumbi ulivyoutumia wimbo, ila matumizi hayo yanatokana na nusu ya mstari.

Mkimuuliza tena mjomba, msimuulize rafiki alikuwa nani. Muulizeni ni nani kwenye bendi aliyekuwa akiimba ubeti wa "walisema", na kama aliuimba kwa sauti ile ile aliyoimbia kiitikio. Mpiga besi hukumbuka mambo kama hayo.

SWALI: Mwalimu, kwa heshima zote. Mimi ni mkazi wa Kisesa, na nimekulia kwenye ngoma. Waimbaji wetu wa Kisukuma wakigombana na mwenzao humtaja jina hadharani, wakamchambua yeye, ng'ombe wake na namna anavyotembea, na kesho yake wanakunywa pamoja. Kwa nini watunzi wa dansi na taarabu hujificha nyuma ya mafumbo wanapomwimba rafiki waliyekosana naye? Je, si woga?

JIBU: Ndugu yangu wa Kisesa, unaishi jirani na Bujora, kwa hiyo Bulabo, sherehe ya mashindano ya ngoma za Wasukuma, unaijua kuliko mimi, lakini nitajibu kadiri ninavyoelewa. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvirudisha kwa mabingwa wawili wa ngoma na dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja mbele ya watazamaji wale wale, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Katika shindano la namna hiyo, mpinzani asiyetajwa ni hasara, kwa sababu umati umekuja kusikia atachambuliwaje na atajibu nini. Tena yupo pale pale, na ana zamu yake ya kujibu. Matusi yale yana uwanja wake na msimu wake, baada ya mavuno, na kila mmoja anajua yanaishia wapi. Ndiyo maana mnaweza kunywa pamoja kesho yake.

Wimbo wa rafiki aliyepotea una hali tofauti kabisa, kwa kuwa anayeimbiwa hayupo. Kumtaja jina mtu ambaye hana pa kujibia ni kumshitaki pasipo baraza. Mtunzi mwenye adabu huacha jina, akaweka alama ambayo mhusika peke yake ataitambua, na kwa njia hiyo anamwachia hiari: anaweza kujitambua akaja, au akanyamaza bila ya kuaibika mbele ya watu. Mimi sioni woga hapo.

Zipo pia sababu za tumbo, ambazo wahakiki wenzangu hawapendi kuzitaja. Bendi ya dansi iliishi kwa kiingilio na kwa baa, na ukimtaja mtu jina utawapoteza yeye na ukoo wake kama wateja. Aidha, katika miaka ya 1970 na 1980 njia kuu ya bendi kurekodi ilikuwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na hivyo mtunzi aliyekuwa na ndoto ya kufika huko alijizoeza mapema kuandika maneno yasiyomgusa mtu kwa jina. Mazoea hayo yaliingia mpaka kwa bendi ambazo hazikuwahi kusafiri.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Musoma. Nilikuwa na rafiki wa kike tuliyekuwa kama watoto wa tumbo moja, tukakosana kwa jambo la fedha ya mchezo. Yeye ni mwimbaji wa kikundi kinachotumbuiza kwenye maharusi, na hivi karibuni ameanza kuimba wimbo wenye maneno haya: "Doti tuliyogawana, kipande changu nimekishonea foronya." Ni kweli tuliwahi kununua doti moja ya kanga tukagawana, kila mmoja kipande chake. Wenzangu wanasema amenitukana, kwamba ukumbusho wangu ameugeuza cha kulalia, na wananihimiza nimjibu kwenye status. Je, ni mimi ninayesemwa, na nimjibu vipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Msomaji wa Kirumba nilimnyima jina kwa sababu maneno hayakulitoa. Wewe nakujibu bila ya kusita kwamba ndiyo, ni wewe. Alama aliyoiweka inamhusu mtu mmoja duniani, na mtu huyo ameniandikia.

Kuhusu tusi, wenzako wamekosea, na nashangaa kwamba wanawake wa pwani ya ziwa, wenye makabati yaliyojaa kanga, wanaweza kukosea hapo. Kanga kuukuu ina njia nyingi za kumalizia maisha yake. Anayetaka kumdhalilisha aliyempa atasema ameifanya dekio, au tambara la kushikia sufuria, au ameitandika mlangoni watu wajipanguse miguu, na kila mwimbaji wa maharusi anazijua kauli hizo kwa moyo. Huyu amesema foronya. Foronya hushonwa kwa mkono wenye subira, hufuliwa, na kila usiku mtu huweka shavu lake juu yake. Kumbuka pia kwamba vipande viwili vya doti huwa na maandishi yale yale. Jina la kanga analolala juu yake ni lile lile lililo kwenye kipande chako, kama bado unacho, na nakushauri ukitoe ukasome tena kinasemaje kabla ya kufanya lolote, kwa kuwa inawezekana kabisa kwamba mstari wenyewe wa wimbo umeachwa nusu makusudi, na nusu ya pili imechapwa kwenye kanga.

Status usiweke. Wimbo wake umeimbwa mbele ya watu lakini umesemwa kwako peke yako; jibu la status litasomwa na wote na litawapa wenzako kazi ya kulitafsiri, kazi ambayo tumeona hawaiwezi. Mtumie mtu wa kuwapatanisha, shangazi au mama mnayemheshimu wote wawili, au nenda mwenyewe asubuhi, kabla hajaenda kwenye shughuli. Fedha ya mchezo iongeleeni siku hiyo hiyo, kwa kiasi chake na tarehe zake, maana wimbo haukuigusa, na nadhani hakuigusa kwa sababu anaona aibu nayo kuliko wewe.

SWALI: Mwalimu, sisi ni vijana wa Nyegezi tunaopiga nyimbo za zamani kwenye hoteli. Tunao wimbo mmoja wa rafiki aliyeondoka, wa bendi iliyovunjika, ambao wageni wanaupenda, ila ubeti wa mwisho unasikitisha mno. Je, tunaweza kuubadilisha rafiki arudi?

JIBU: Mtunzi wake akiwa hai, muombeni ruhusa, na muombe kwa maandishi, kwa kupiga wimbo wake na kwa kubadili maneno yake, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti. Akiwa amefariki, warithi wake wana haki, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Na kama hamjui pa kuwapata, anzeni kwa kuuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hilo ni la sheria. Kwa upande wa wimbo wenyewe, mkimrudisha rafiki katika ubeti wa mwisho itabidi mzibadilishe na beti zote zilizotangulia, kwa maana hakuna aliyewahi kuimba kwa uchungu wa namna ile huku akijua kwamba mwenzake yuko njiani anakuja. Itakuwa rahisi zaidi kwenu kuupiga kama ulivyo, na kuufuatisha na wimbo wa furaha kabla wageni hawajaomba bili.